Nimemhasi mbwa wangu, sasa kijiwe kizima kimenisusa

#1 Mzee wa Goba

Wakuu salaam. Hii sio mada ya siasa wala ya Simba na Yanga, ni ya mbwa, asiyependa mbwa apite kimya kimya.

Nina dume langu linaitwa Bosi, miaka mitatu. Mama yake koko wa hapahapa Goba, baba yake jemani shepadi wa mzee mmoja mstaafu aliyeruka ukuta (aliyeruka ni mbwa, sio mzee). Mwili mweusi na kahawia, mguu wa mbele wa kushoto mweupe mpaka kwenye kifundo kama kavaa soksi moja akasahau ya pili. Hiyo ndo alama yake, usiku ukimulika tochi unaona soksi inatembea peke yake.

Nilimleta kwa ajili ya ulinzi ila tangu apevuke amekuwa analinda nyumba za watu wengine. Jike likiingia kwenye joto huko Madale, yeye huku Goba kashapata taarifa, anatoka hata pale ambapo mimi naapa hapatoki mjusi, siku tatu haonekani, siku ya nne anarudi anachechemea, uso umechanwa, anakunywa maji nusu ndoo huku hataki kuniangalia. Mimi nachukua maji ya chumvi namuosha kama mama aliyempokea mtoto katoka disko.

Kilichonimaliza ni maboksi. Mwaka juzi mama mmoja wa mtaa wa pili kaja getini na boksi la biskuti, ndani papi sita, wanne wana soksi. Hakugombana wala nini, kasema tu "baba Neema mzigo wako huu" akaweka chini akaondoka. Boksi la pili lilikuwa la tambi. La tatu la sabuni ya mche, na hilo lilikuja saa kumi na mbili asubuhi nikiwa na taulo. Siku hiyo mke wangu akasema kuna mmoja kwenye hii nyumba lazima apelekwe kliniki, chagueni wenyewe nani anakwenda.

Basi jumamosi iliyopita nimempeleka Bosi. Daktari kampiga nusu kaputi, mimi nikakaa nje kwenye benchi na wanaume wengine wawili waliokuja na mbwa zao, yaani mtu angepita angecheka, watu wazima watatu tumekaa tumebana miguu kama wanafunzi wa shule ya masista, hakuna anayeongea. Baada ya muda kaletwa, ulimi nje, macho nusu, shingoni kavalishwa ile koni ya plastiki. Kwenye bajaji dereva akauliza anaumwa nini, nikamwambia, bajaji ikayumba.

Sasa tatizo ni kijiweni. Fundi viatu kaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "kwani alikukosea nini?" Bodaboda wote hawamwiti Bosi tena, wanamwita Towashi. Nikifika kupata kahawa mazungumzo yanakata. Na Bosi mwenyewe ananiangalia ndani ya ile koni kama mtu anayekupigia simu kutoka kisimani.

Naomba kujua kwa wenye uzoefu, nimekosea? Atanenepa? Ataacha kubweka? Na haya macho ananiangalia hivi mpaka lini?

#2 Kijiwe Namba Tisa

Siti ya mbele. Bila picha ya hiyo soksi uzi ufungwe.

#3 Mla Urojo

Mkuu kwa kweli umekosea. Mungu kampa vitu vyake wewe umevitoa, halafu unakuja kuuliza kama umekosea. Ungefunga geti tu. Mwanaume mwenzio huyo.

#4 Ngosha wa Malampaka

Mla Urojo nakuuliza kwa heshima, nyama unakula? Wali unakula? Basi wewe umeshakula matunda ya kuhasi tangu unazaliwa.

Huku kwetu dume la ng'ombe likishaanza kutanua shingo na kusumbua wenzie, linakamatwa, linaangushwa, anakuja mtu na koleo la kuhasia. Lile koleo halikati ngozi, linabana mishipa kule juu ya kende, damu haidondoki hata tone, baada ya wiki kadhaa vyenyewe vinasinyaa. Hapo fahali amekuwa maksai. Maksai ndo anavuta plau, anavuta mkokoteni wa maji, mtoto wa miaka nane anamswaga na kafimbo tu. Sijawahi kusikia mtu kasimama pembeni ya shamba anasema mmeingilia kazi ya Mungu, watu wanauliza analima eka ngapi.

Mbuzi hivyohivyo. Dume lisipohasiwa ni beberu, mtie sufuriani uone, harufu inaingia mpaka kwenye mapazia, na akiwa hai mwenyewe anajikojolea ndevu kwa makusudi ili majike yamsikie. Halafu nyie mkienda kwenye sherehe mnataka nyama isiyonuka. Imetoka wapi? Beberu pekee ambaye hajawahi kupatikana wa kumhasi ni yule wa kwenye hotuba.

Kwa hiyo lugha yetu ina neno la maksai miaka na miaka, sema mbwa ana jina, analala mlangoni, anakuangalia machoni, ndo mwanaume anajihisi yeye ndo kalazwa pale mezani. Ng'ombe wangu kumi na wawili hakuna hata mmoja aliyenifanya nibane miguu.

#5 Kijiwe Namba Tisa

Ngosha umeua. Ila mleta uzi hilo jina la Towashi mbona ni cheo. Soma Matendo 8, yule towashi wa Ethiopia alikuwa juu ya hazina yote ya malkia na anasafiri na gari lake la farasi huku anasoma kitabu. Bosi kapandishwa kutoka mlinzi kwenda waziri wa fedha.

#6 Dokta Kwato

Mleta uzi hongera na pole. Mimi ni daktari wa mifugo, wanaume kubana miguu nje ya chumba changu ni kitu ninachokiona kila wiki, mmoja aliwahi kuzimia yeye mbwa akiwa hajachomwa hata sindano.

Nikujibu. Kunenepa, ndiyo, anaweza, maana mwili ukikosa zile homoni matumizi ya nguvu yanapungua na hamu ya kula haipungui, kwa hiyo dawa ni kupunguza chakula na kumtembeza, ugali na dagaa ulivyokuwa unamjazia sufuria nzima achana nayo. Kubweka haachi. Mbwa hafundishwi ulinzi na kende, anabweka kwa sababu ile nyumba anaiona ya kwake, sana sana sasa utampata nyumbani usiku mwizi akija. Kinachopungua ni kutoroka, kupigana na madume wenzie na kukojolea kila tairi, na hakipungui siku hiyohiyo, kinaenda taratibu. Uvimbe wa kende hataupata tena maana hazipo, na matatizo ya tezi dume ya uzeeni yanapungua sana.

Macho anayokuangalia ni koni, sio lawama. Haoni pembeni, anagonga milango, inamkera. Usimvue kwa huruma, akilamba nyuzi zikafunguka utarudi kwangu tena usiku wa manane. Nyuzi zinatolewa siku ya kumi mpaka kumi na nne.

Wenye mbwa wakubwa kama rotiwaila na jemani shepadi msikimbilie kuwahasi wakiwa wadogo sana. Utafiti wa chuo cha UC Davis kule Marekani umeonyesha mbwa wa aina kubwa wakihasiwa kabla ya mwaka mmoja hatari ya matatizo ya viungo inapanda, zile homoni ndo zinasaidia mifupa ikomae. Wadogo wadogo hawana sana hilo tatizo. Bosi ana miaka mitatu, hapo uko salama.

Na mwisho kabisa, hiki watu wengi wanakisahau: kumhasi dume sio kuzima swichi. Mbegu zilizokwishatengenezwa zinabaki kwenye mirija wiki kadhaa, bado anaweza kumpa jike mimba. Mfungie ndani mwezi mzima na ushee. Ndani kabisa.

#7 Mzee wa Goba

Asante sana dokta ubarikiwe. Nimesoma mpaka kwenye kunenepa, nyingine namalizia usiku simu ina asilimia nne na umeme umekata.

#8 Msomaji wa Vichwa vya Habari

Mnahangaika na mbwa wa kilo thelathini, wenzenu Colombia wanahasi viboko.

Sitanii. Yule muuza unga Pablo Escobar miaka ya 80 alijijengea zuu yake nyumbani, akaleta tembo, twiga, pundamilia na viboko wanne, dume moja majike matatu. Alipouawa Desemba 1993 wanyama wengine wakachukuliwa, viboko wakaachwa maana nani ataenda kumfunga kamba kiboko. Mto Magdalena maji tele, ukame hakuna, simba hakuna, wakazaliana wakapita mia. 2022 serikali ikawatangaza kuwa viumbe vamizi na mwisho wa 2023 wakaanza kuwafanyia upasuaji, kila mmoja serikali ilisema ni kama dola elfu kumi.

Sasa raha ya habari ni hapa. Kende za kiboko hazining'inii, ziko ndani, na zinahama. Daktari anapapasa hapa, imeshapanda juu, wanasayansi waliopima walikuta zinaweza kurudi ndani sentimita nyingi tu tena kila moja kivyake. Ngozi nene, mafuta, dawa ya usingizi ukikosea kidogo kafia mezani, ukipunguza kidogo kaamka yeye. Mnyama ni wa kwetu huyu, kakulia Rufiji na Katavi, kaenda ugenini kawatia hasara.

#9 Ngosha wa Malampaka

Koleo langu halitoshi mkuu.

#10 Bint Raskazone

Kaka zangu nimewasoma wote mpaka hapa. Post tisa, kende, kende, kende, hakuna hata mmoja aliyemhurumia jike. Huyo Bosi kala raha Madale, mama mtu kule kabeba mimba miezi miwili, kanyonyesha papi sita kwenye jua, na boksi kalibeba mwanamke mwenzangu kalileta mlangoni. Mnamlilia nani haswa?

Mimi niko Tanga. Sisi mbwa ndani hatufugi, mambo ya twahara mnajua, lakini paka ni wa nyumbani, paka anakaa mkekani, hata yule sahaba Abu Huraira jina lenyewe maana yake ni baba wa kipaka. Nilikuwa na paka wangu anaitwa Kungumanga, kaja mwenyewe mdogo kama kiganja siku ya mvua. Hajafika hata miezi sita, usiku mmoja akaanza kulia sauti kama mtoto mchanga, madume yakajaa juu ya bati, sijui yametoka forodhani au wapi, yanaimba kwa zamu. Mwaka ule kazaa mara tatu. Nilikuwa sijui kama paka anaweza kubeba mimba huku bado ananyonyesha, na anaweza. Wa kwanza wanne niligawa, wa pili watano nikagawa watatu kwa kulazimisha, wa tatu majirani wakiniona nakuja na kikapu wanafunga milango.

Nikampeleka akafungwa kizazi. Nilikuwa nadhani wanamfunga tu kama wanavyofunga mirija sisi, kumbe jike anapasuliwa tumbo inatolewa mifuko ya mayai, na mara nyingi na mfuko wa uzazi nao. Sio dakika kumi kama za Bosi. Kaletwa tumbo limenyolewa, kijimshono kadogo kama cha kushonea kifungo, anatembea kama mlevi, kaenda moja kwa moja chini ya kitanda changu. Siku mbili nimemlisha kwa mkono, samaki nimemtoa miba mwenyewe. Madume yakaja juu ya bati wiki nzima yakaimba weee, hakuna jibu, yakahama.

Na shoga yangu Muheza ana mbwa jike hakumfanyia, kafika miaka minane, wiki chache baada ya joto kaanza kunywa maji mengi, hali, tumbo limejaa. Kumbe mfuko wa uzazi umejaa usaha. Walimuwahi kwa bahati. Hilo dume halipati, na hata hilo hamkulitaja.

#11 Dokta Kwato

Bint Raskazone kanifundisha kazi. Yote aliyosema ni sahihi, na aongezewe tu kuwa jike akifungwa kizazi mapema uvimbe wa matiti unapungua mno. Ile dhana ya "muache azae tumbo moja kwanza ndo afungwe" haina faida yoyote kwa mbwa wala paka, ni sisi tu tunaomuonea huruma ya kibinadamu.

#12 Mla Urojo

Dada nimekusoma nikanyamaza. Kwa paka nakubali. Kwa mbwa bado naona uchungu.

#13 Boeboeli la Kimara

Tatizo la mleta uzi ni mbwa chotara, hao ndo wanazurura. Fuga mbegu safi mkuu. Mimi nina boeboeli kutoka Sauzi, kilo zaidi ya sitini, hatoki hata geti likiwa wazi. Mbwa wa ukoo ana heshima zake.

#14 Ndizi Mbichi

Hatoki geti kwa sababu akitembea mpaka barabarani anahitaji kupumzika.

Mbegu safi mniulize mimi. 2021 niliuziwa jemani shepadi "orijino" kwa laki tatu, kaja na cheti kimechapwa stationari, masikio yamebandikwa plasta, jamaa anasema plasta usitoe mpaka miezi sita ndo yasimame vizuri. Miezi sita nikatoa plasta, masikio yakaanguka pwaa kama majani ya mgomba. Mkia ukajikunja juu. Koko wa kwetu Tukuyu kabisa, tena nahisi nawajua na wazazi wake. Nilikasirika wiki moja, ya pili kamkamata nyoka jikoni. Cheti kiko ukutani mpaka leo.

#15 Kijiwe Namba Tisa

Mimi kuna mtu nampelekea mzigo Mbezi Beach ana haski. Wale mbwa wa Siberia, wafugaji wake wa asili Wachukchi walikuwa wanawafunga kuvuta sleji kwenye barafu. Yule wa Mbezi anavuta nini mwezi wa pili Dar es Salaam? Amelala bafuni tumbo kwenye vigae, miguu minne imetawanyika kama ngozi ya kukalia, mwenye nyumba kaniambia feni anayo, AC anayo, na umeme sasa hivi ananunua wa mbwa kwanza.

#16 Kaka ya Lushi

Jambo bandugu, miye niko Lubumbashi. Munaongea mbegu safi ya Ulaya, na huku Congo kuko imbwa ya zamani sana inaitwa basenji, Wazungu walikuja kuichukua wakaipeleka kwenye mashindano yao, leo wanaiuza bei kali. Haibweki kama zingine, inatoa sauti kama inaimba. Na jike yake inaingia kwenye joto mara moja tu kwa mwaka, zingine ni mara mbili. Jina yenyewe basenji ni ile neno yenu ya washenzi, imbwa ya washenzi maana yake ya watu wa porini. Mzungu alinunua imbwa shenzi akaiita ya ukoo.

#17 Ndizi Mbichi

Kaka ya Lushi nimecheka mpaka mtoto kaamka. Kwa hiyo tofauti ya koko na mbwa wa ukoo ni nani kashika daftari.

#18 Dokta Kwato

Ni kweli kabisa. Koko wetu hana daftari lakini kachujwa na nchi yenyewe, asiyestahimili jua, kupe na njaa hakubaki. Jemani shepadi kachujwa kwa maonyesho, nyonga zinamsumbua. Pagi na buldogi pua zimefupishwa mpaka kupumua ni kazi, na mbwa anajipoza kwa kuhema, sasa akishindwa kuhema vizuri kwenye joto la Dar unamuua kwa kumtembeza saa saba mchana.

Ila koko naye akiachwa anazurura anakutana na mambo. Kuna kitu wengi hamkijui, mbwa wana kansa inayoambukizwa kwa kupandana. Sio virusi vinavyoleta kansa, ni seli zenyewe za kansa zinahama kutoka mbwa huyu kwenda huyu zinaota kama chipukizi. Unaona uvimbe mwekundu kama koliflawa sehemu za siri unadondosha damu. Na seli zote hizo duniani zilianzia kwa mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita, yeye kafa zamani, kansa yake bado inatembea mitaani Goba na Tukuyu. Inatibika, dawa yake vinkristini sindano za kila wiki, wengi wanapona, lakini mbwa asiyezurura ni nadra sana kuipata.

Na kabla hamjaulizana bei ya kuhasi chanjeni kichaa cha mbwa kwanza. Karibu wagonjwa wote wa kichaa, asilimia kama 99, wanatoka kwa mbwa. Mtu aking'atwa jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano halafu hospitali siku hiyohiyo, sio pilipili, sio mafuta ya taa, sio kuchoma nywele za mbwa.

#19 Msomaji wa Vichwa vya Habari

Kwenye kuzurura nina mbili.

Bhutan, ile nchi ya milimani karibu na India, mwaka 2023 walitangaza wamemaliza kuhasi mbwa wao wote wa mitaani. Wote. Zaidi ya laki moja na nusu, kazi ilianza 2009. Mpaka watu wa kujitolea waliingia mtaani kushika mbwa.

Ya pili Istanbul, 2021 kulikuwa na mbwa wa mtaani anaitwa Boji, anapanda metro, tramu na boti peke yake, wamemfunga kifaa cha kufuatilia wakakuta siku nyingine anapiga kilomita thelathini. Anangoja watu washuke ndo apande. Sijui nani kamfundisha, nataka aje afundishe Mbagala.

#20 Mji Kasoro Bahari

Ukitaja wanyama wenye habari usiipite Morogoro. Panya buku wanafundishwa hapa chuo cha SUA na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini, uzito wake mdogo hawezi kulipua, eneo la uwanja wa tenisi anamaliza nusu saa. Magawa kazaliwa hapahapa Moro, kaenda Cambodia, 2020 kapewa medali ya dhahabu Uingereza, panya wa kwanza kuipata. Kafa Januari 2022 kaacha kagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya mia. Na mdogo wake kikazi, Ronin, 2025 kaingia Guinness kwa mabomu 109. Mshahara ndizi na karanga.

Panya wetu ana medali, mbwa wenu wana kesi za matunzo.

#21 Boeboeli la Kimara

Nyie mnaosema ukoo hauna maana mmesahau Faru John? Kahamishwa Ngorongoro kupelekwa Grumeti, na sababu mojawapo iliyosemwa ni kwamba kawatawala madume wenzie mle kreta mpaka uzao unaanza kuwa wa ndugu kwa ndugu. Kafa huko, 2016 Waziri Mkuu Majaliwa mwenyewe akaagiza uchunguzi, pembe zikawa habari nchi nzima. Dume likiachwa lifanye linavyotaka mwisho wake ni tume.

#22 Kijiwe Namba Tisa

Boeboeli leo umeongea point ya kwanza tangu nikujue. Bosi amehasiwa kabla ya kuundiwa tume.

#23 Mzee wa Goba

Wakuu nimerudi baada ya wiki kumi hivi, samahani kwa ukimya, na naomba msinicheke.

Taarifa njema, nyuzi zilitoka vizuri, Bosi hajanenepa sana, halali tena nje ya geti, na wiki mbili zilizopita kabweka usiku mpaka jamaa aliyekuwa anachezea mita ya maji kaacha ndala zake. Fundi viatu kazichukua ndala kama kielelezo, kijiwe kimenisamehe.

Taarifa nyingine. Siku ya nane baada ya upasuaji Bosi alitoka. Alipita chini ya geti na koni yake, nimekuta kipande cha plastiki kimebaki kwenye chuma. Karudi asubuhi bila koni, kavimba kidogo, anatembea kama mtu aliyetoka kutoa salamu mbali. Sikuwaambia, niliona aibu.

Sasa juzi mama wa mtaa wa pili kaja. Hana boksi safari hii, kaja na simu. Mbwa wake kazaa, watano. Kanikuzia picha kwa vidole viwili taratibu bila kusema neno. Wawili wana soksi. Mguu wa mbele, wa kushoto.

Nimemwambia mama huyu mbwa amehasiwa, nina na risiti. Kaangalia risiti, kaangalia picha, kasema "basi risiti yako inanyonya."

#24 Dokta Kwato

Siku ya nane ukijumlisha siku 63 za mimba, hapo hamna muujiza. Na wale watatu wasio na soksi wanaweza kuwa na baba mwingine, tumbo moja la mbwa linaweza kubeba watoto wa madume tofauti, hao mama atafute geti lingine. Mzee wa Goba, ule ujumbe wangu wa mwanzo uliumaliza?

#25 Mzee wa Goba

Ndo naumalizia sasa hivi dokta.

#26 Mla Urojo

Namtaka mmoja mwenye soksi. Nipo Bunju nakuja na usafiri. Na nitamhasi akifika umri, dada wa Tanga asije akaniandika.

#27 Bint Raskazone

Nimekuona kaka Urojo. Mzee wa Goba, na yule mama mtu safari hii nani anampeleka kliniki? Au tunasubiri boksi la tano?

#28 Mzee wa Goba

Tumeshakaa kikao dada, mke wangu mwenyekiti. Papi wakiacha kunyonya jike anapelekwa, gharama mama kaigawa nusu kwa nusu. Nusu nalipa mimi, nusu analipa Bosi.